Erastus Lewa Nguma, Aliyetafuta Sukari Katika Damu Zetu

Kasisi wetu, wazee wa kanisa, wazee wa Kisauni, majirani zetu Waislamu mliokuja tangu alfajiri mkachimba kaburi pamoja na vijana wetu, ndugu wa shemeji yetu mliosafiri kwa treni kutoka Machakos, na nyinyi nyote mliosimama juani kwa kuwa turubai haikutosha, nawasalimu kwa niaba ya baba yetu, Mzee Nguma wa Lewa, ambaye yuko hapa mbele yenu lakini leo hana sauti. Mimi ni Philister, dada mdogo wa marehemu, mwalimu wa shule, na nimepewa kazi hii ya kusoma kwa sababu karatasi hizi niliziandika mwenyewe, na mwandiko wangu unapotetemeka hakuna mwingine awezaye kuusoma.

Marehemu Erastus Lewa Nguma alizaliwa tarehe 9 Agosti 1925 hapa hapa Kisauni, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Nguma, fundi seremala aliyetoka Rabai akaja kufanya kazi ya misheni, na wa mama yetu marehemu Kafedha, na alibatizwa katika kanisa hili mwezi wa Desemba wa mwaka huo huo. Mama yetu, kwa wale wanaomkumbuka, alikuwa mtu mkubwa wa mwili, na watu walimsifia unene wake hata njiani, wakisema fundi Nguma anajua kutunza, naye akicheka na kujitanda leso vizuri zaidi. Mwaka 1939 mama alianza kunywa maji asikate kiu, akanywa mtungi mzima kabla ya adhuhuri, kisha ule mwili uliosifiwa ukaanza kwisha, macho yakaingia ukungu, na sisi watoto tukaona sisimizi wakipanga mistari kwenda chooni pale alipokojoa, tukawachezea, hatukujua tunachezea nini. Majirani walisema ni hasidi, wengine wakasema ni jini la kiu, baba akauza randa na misumeno yake kumtafutia waganga, na tarehe 2 Februari 1940 mama akafariki akiwa hawezi tena kutuona nyuso.

Lewa alikuwa na miaka kumi na minne, naye alikwenda peke yake kwa mganga wa zahanati ya misheni kuuliza mama ameuawa na nini, akaambiwa, "Ni sukari, kijana wangu." Akauliza, "Sukari hii ya chai?" Akajibiwa kwamba ndiyo, ilikuwa imejaa katika damu yake. Akauliza tena, "Iliingiaje?" Yule mzee akamwambia ukweli, kwamba yeye hajui, na labda Wazungu wanajua. Kaka yangu alinisimulia haya mara nyingi, na kila mara alisema kwamba alipokwenda kwa hao Wazungu aligundua kuwa nao pia hawajui vizuri.

Alisoma shule ya msingi ya misheni hapa Kisauni kuanzia mwaka 1933, akaenda bara kwa masomo ya sekondari mwaka 1941, akapita vizuri, na mwezi wa Januari 1945 akapokelewa chuo cha Makerere, Uganda, ambako alisoma kemia na elimu ya viumbe mpaka mwaka 1949, kisha akarudi Pwani kufundisha sayansi kwa miaka miwili. Tarehe 11 Septemba 1951 alipanda meli Kilindini kwenda Uingereza kwa msaada wa masomo, baba akimwaga machozi gatini na kumwambia arudi na jina lile lile aliloondoka nalo, na huko alisomea biokemia, yaani kemia ya yale yanayopita ndani ya mwili wa mtu akila, akilala, akifanya kazi. Alipata shahada yake ya juu kabisa mwezi wa Juni 1957, kwa uchunguzi juu ya wagonjwa wanene, kwa nini sukari hubaki katika damu zao hata kama mwili una njaa nayo, na kwa nini mioyo na figo zao huchakaa mapema. Huko alinenepa yeye mwenyewe, kwa viazi na baridi, alivyosema, akarudi Mombasa mwezi wa Julai akiwa na kidevu cha pili, na tulipompokea tulipiga vigelegele tukamwambia, "Kaka, umenawiri!" Hakucheka.

Kuanzia tarehe 1 Oktoba 1957 aliajiriwa katika maabara moja ya afya iliyokuwa Changamwe, ambayo sasa haipo, na ingawa alikuwa na shahada kubwa kuliko wote mle ndani aliandikwa msaidizi, akapewa meza karibu na beseni la kuoshea vyombo. Mkuu wake wa kazi, ambaye amekwisha rudi kwao na simtaji, hakuwa mtu mbaya, alimpa nafasi ya kutumia vyombo jioni, lakini alipoelezwa juu ya uchunguzi wa unene na sukari alimwambia, "Lewa, Mwafrika ana njaa, hana unene, tafuta minyoo." Kaka alimjibu kwamba aje naye arusini Likoni Jumamosi moja tu, kisha aseme tena.

Aliruhusiwa, na kwa miaka mitano ndiyo ilikuwa kazi yake, alipomaliza kupima minyoo ya serikali alianza uchunguzi wake. Alikwenda Changamwe kwa makarani wa ofisi na wapishi wa mabwalo, alikwenda Likoni kwa akina mama wa shughuli za harusi, alikuja hapa Kisauni kwa wauza mandazi na wazee wa baraza, akiomba mkojo katika chupa na damu kidogo katika mrija wa kioo. Mkojo aliuchemsha pamoja na dawa ya rangi ya buluu, na kama una sukari dawa ile iligeuka kijani, kisha manjano, kisha nyekundu kama tofali, na nilipokwenda kumtembelea siku moja alinionyesha, mirija imepangwa dirishani, mingi ikiwa myekundu, akaniambia, "Philister, yule mama kule Bomani hajui, yule mzee Utange hajui, wote hawa hawajui." Aliamini jambo ambalo wenzake wa Ulaya walikuwa hawajalisema, kwamba mwili uliolelewa katika njaa, ukija kupata mkate mweupe, mafuta ya kopo na chai ya sukari nyingi, huugua mapema, hata kabla ya kunenepa kama Mzungu anavyonenepa, na kwamba mji huu utajaa wagonjwa hao sisi tukiwa bado tunawapongeza kwa kunawiri. Aliandika makala akaipeleka kwa jarida la wanasayansi London, ikarudishwa na maneno ya kwamba watu aliowapima ni wachache na wa ajabu. Alikasirishwa na neno hilo la mwisho kwa mwaka mzima.

Tarehe 16 Agosti 1958 alifunga ndoa katika kanisa hili na Mwikali, muuguzi, ambaye walijuana zahanati ya Changamwe alipokwenda kumwomba amfundishe kupata mshipa wa damu bila kumuumiza mtu, na Mungu akawajalia watoto wawili, Mueni aliyezaliwa tarehe 3 Julai 1959, na Nguma mdogo aliyezaliwa tarehe 21 Januari 1961. Alikuwa baba mpole, aliyewakatalia wanawe peremende huku yeye mwenyewe akitamani, na kwenye karamu alikuwa hawezi kula kwa raha, maana macho yake yalikuwa kwenye shingo za watu, na akiona shingo nene yenye weusi kwa nyuma, ambao yeye aliujua kuwa dalili ya sukari, angeinuka na kwenda kumsalimu mwenyewe, akaanza kumuuliza habari za kiu. Wengi mliopo hapa mliulizwa.

Sasa nataka kusema juu ya neno ambalo kila mtu hapa analijua na hakuna alitajaye mbele yetu, nalo ni mumiani. Mtu anayezunguka na gari la kijivu, akichukua damu za watu, akizitia katika mirija na kuondoka nazo, mtu huyo katika mji huu hana jina jingine, na kaka yangu aliitwa jina hilo kuanzia mwaka 1959, kwanza na watoto, kisha na wakubwa. Mwikali aliondolewa katika chama cha akina mama hapa mtaani bila kuambiwa sababu, Mueni alirudi kutoka kucheza akauliza kama ni kweli baba huuza damu Ulaya, na baba yetu mzee, ambaye maisha yake yote ametengeneza viti mnavyokalia, alikaa miezi bila kuletewa kazi. Lewa hakuwalaumu watu. Alisema, "Wana haki ya kuogopa, wamechukuliwa vingi," na akaendelea kuzunguka, akielekeza kwa maneno yale yale, nyumba kwa nyumba, damu inakwenda Changamwe, inapimwa, haiuzwi.

Wa kwanza kumwamini Likoni alikuwa Bi Mishi, mpishi wa harusi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha vyungu vikubwa, naye alimpokea barazani kwake mwezi wa Mei 1959. Mimi nilikuwapo, kwa kuwa kaka alipenda niende naye kwa akina mama. Alimwamkia, "Shikamoo Bi Mishi," akaitikiwa "Marahaba mwanangu, karibu kitako," na baada ya kueleza haja yake Bi Mishi akamwambia, "Mwanangu, unene huu nimeupata kwa jasho langu, sasa wataka kunambia ni maradhi?" Kaka akajibu, "La, Bi Mishi, unene si maradhi, ila kuna maradhi yapendayo kukaa nao." Akauliza, "Na damu yangu hino waipeleka wapi?" Kaka akamwambia akitaka apande gari waende naye, aione kwa macho. Bi Mishi alipanda lile gari la kijivu la maabara mchana kweupe, watu wakitoka milangoni kutazama, akavuka kivuko, akaenda mpaka Changamwe, akasimama juu ya mrija wake mpaka ulipogeuka mwekundu, akasema, "Basi, nishaona, sasa niponye." Kwa ajili yake wanawake wengi wa Likoni walikubali kupimwa, na kwa ajili yake kaka alihangaika mpaka akapata insulini, dawa ya sindano, ya kila siku, iliyowekwa katika friji ya zahanati ya kule, na Bi Mishi alikwenda kuchomwa kila asubuhi, akaacha halua, akarudi kuona uzi wa sindano ya kushonea. Miaka minne kaka alimtaja kila tulipokaa kula, kama mtu anavyomtaja mtoto aliyefaulu mtihani.

Mwezi wa Desemba 1962 mkuu wa maabara aliondoka kwenda kwao kwa kuwa uhuru ulikuwa unakuja, na Januari maabara ikafungwa, nyumba ile ikatakiwa kwa kazi nyingine. Kaka alikuwa ameomba apewe juma moja kuhamisha damu alizohifadhi katika friji, kazi ya miaka mitano, ambazo alitaka kuzipima tena kwa njia mpya, lakini waliotumwa kusafisha nyumba walitangulia, wakazima friji, wakakuta chupa zenye harufu, wakazimwaga katika mtaro na kuzivunja. Hawakuwa na ubaya, waliambiwa wasafishe. Kaka alifika akakuta vioo, akaokota vizibo vichache vyenye majina ya watu, na Mwikali anasema alirudi nyumbani akakaa kitini na viatu vyake mpaka asubuhi. Alipokwenda kwa mmoja wa wakubwa wetu wapya kuomba maabara ifunguliwe tena, alipokewa kwa heshima, akapewa chai, akaambiwa, "Daktari, watu wanataka shule na mashamba, wanataka kushiba kwanza, haya maradhi ya wanene tutayaona baadaye." Akahamishwa kwenda kupima maziwa, kuona kama wauzaji wameyatia maji. Hiyo ndiyo kazi aliyokuwa nayo mtu huyu mpaka alipougua.

Mwezi wa Juni mwaka huu, wakati wa shamrashamra za Madaraka, za bendera na malori ya vipaza sauti, mtoto mmoja alipotea Likoni, na kabla hajapatikana kwa shangazi yake Mtongwe akiwa mzima, maneno ya mumiani yalikuwa yameenea tena, na watu wakaacha kwenda zahanati kuchomwa sindano yoyote. Badi, mtoto wa Bi Mishi, mchukuzi wa bandarini, alimwambia mamake, "Mama, sindano basi, wallahi huendi tena." Bi Mishi alibishana naye, kisha akatii, kwa kuwa ndiye mwanawe wa pekee. Kaka alipata habari baada ya majuma mawili, akavuka mara tatu kumsihi, mara zote akazuiwa mlangoni, na tarehe 8 Agosti Bi Mishi alilala usingizi ambao hawakuweza kumwamsha, akafariki.

Mwikali alimwomba asiende matangani. Alikwenda. Alisema, "Alipanda gari langu mbele ya watu wote, nitakosaje kumzika mbele ya watu wote?" Alipofika karibu na nyumba walianza kumzomea, mawe yakatupwa, moja likampiga mguu wa kushoto juu kidogo ya kifundo, akarudi kivukoni akichechemea na damu ndani ya kiatu. Lilikuwa jeraha dogo, mtoto angepona kwa siku chache. Lakini lilikataa kufunga, na mwezi wa Septemba kaka alichemsha mkojo wake mwenyewe jikoni kwao, kwa dawa ya buluu iliyobaki, ukageuka mwekundu kama wa Bi Mishi. Mwikali anasema alitazama ule mrija muda mrefu, akasema, "Mama yangu huyu hapa," kisha akaosha mrija akauweka ukauke.

Alianza sindano, Mwikali akimchoma mwenyewe, lakini mguu ulikuwa umeshaoza ndani, akalazwa hospitali kisiwani tarehe 4 Novemba, na tarehe 19 akakatwa mguu chini ya goti. Katika siku zile Badi alikuja wodini, akasimama miguuni pa kitanda mpaka kaka alipomwona, akasema, "Daktari, jiwe lile lilitoka mkononi mwangu." Badi yuko hapa nasi leo, ameketi na wazee wa Likoni, na ni yeye aliyeniruhusu nilisome jambo hili kwa jina lake. Kaka alimtazama, akatazama shingo yake, akamuuliza, "Badi, usiku unaamka mara ngapi kukojoa?" Badi alidhani ni homa inayosema. Kaka akamwambia, "Sikukuuliza habari ya jiwe, nakuuliza habari ya mkojo, nijibu." Badi akajibu kwamba anaamka mara nyingi, na kiu anayo. Akaanza kulia pale pale, mtu mzima, na kaka akamshika mkono akamwambia aende apimwe siku ile ile, kule kule hospitalini, ghorofa ya chini, asipoteze wakati. Jana jioni nilimuuliza Badi kama amekwenda. Ameniambia inshallah atakwenda, sherehe za uhuru zikishapita.

Siku za mwisho kaka yangu hakuwa na matumaini, na mzee mmoja wa kanisa aliniomba niyaache maneno haya, lakini aliyasema akiwa na akili zake timamu na nimeona si haki kuyaficha. Alimwambia mkewe, "Mwikali, nimepima watu mia sita na zaidi, na hakuna hata mmoja niliyemponya." Mwikali akamkumbusha Bi Mishi, miaka minne ile. Akasema, "Miaka minne," akageukia ukutani. Hakuna aliyechukua kazi yake, hakuna aliye mahali popote katika nchi hii anayeendelea nayo, alizunguka akitafuta kijana mmoja tu aliyesoma kemia wa kumwachia, na wote waliosoma wamepewa ofisi za Wazungu wanaoondoka. Tulimwombea, Kasisi alimpa ushirika mtakatifu tarehe 1 Desemba, na siku ya Jumatano tarehe 4 Desemba 1963, asubuhi, sumu ya jeraha ikiwa imeingia katika damu, Erastus Lewa Nguma alifariki dunia akiwa na umri wa miaka thelathini na minane, siku nane kabla ya bendera mpya kupandishwa. Ameacha mjane, Mwikali, watoto wawili, Mueni na Nguma, baba yake mzazi, na mimi.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia hospitalini, waliofanya yote waliyoweza na waliokuwa wakweli kwetu, nawashukuru wafanyakazi wa zahanati ya Likoni waliotunza dawa ya Bi Mishi kwa miaka ile yote, wenzake wa ofisi ya maziwa waliotoa gari la kuleta mwili, kwaya ya kanisa, na majirani wa Kisauni, ambao najua baadhi yenu mlikuwa mnavuka barabara mkimwona na bado mmekuja kumchimbia, Mungu awalipe. Wageni wote mnakaribishwa chakula nyumbani kwa mzee. Akina mama wamepika wali na mchuzi, na kuna chai, sukari iko kando katika bakuli, kila mtu atajitilia mwenyewe.

Kaka, mimi sijui kama kuna mtu atakayeuliza tena ile sukari iliingiaje, na sitakudanganya hapa mbele ya watu kwamba yuko. Umechoka, mguu haukuumi tena. Pumzika, Lewa, kwa amani ambayo sisi hatukukupa.